Kapteni Lwitiko na Kompyuta Isiyovuma

Wakubwa kaeni, wadogo sogeeni mbele, na mwenye kutafuna atafune polepole, maana hii ni hadithi ya masikio. Mwishoni mtaachiwa kazi, na asijifanye mtu amelala.

Tukuyu, mji wa mvua na chai, aliishi mzee mmoja aitwaye Kapteni Lwitiko. Ujana wake wote alirusha ndege ndogo ya injini moja, akipeleka dawa na kuchukua wagonjwa kwenye viwanja vya nyasi kando ya Ziwa Nyasa. Kiwanja alichokipenda kuliko vyote ni Ndolosi, kipande cha nyasi kilichobanwa kati ya mlima na maji, ambapo rubani akikosea hana pa kurekebishia. Asubuhi moja alikwenda kupimwa afya, kama marubani wote wanavyopimwa, na daktari akakuta presha ya macho imekwisha kumla uoni wote wa pembeni. Hakuruhusiwa hata kuirudisha ndege aliyokuja nayo. Alipanda basi kurudi nyumbani, na kadiri siku zilivyokwenda giza likamfunika kabisa.

Tangu hapo, mtu akimjulia hali, jibu lake lilikuwa moja. "Nipo. Ila mwenzenu sijatua." Wageni walicheka wakidhani mzee anatania. Wa nyumbani hawakucheka.

Nyumbani walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Sekela, binti mkubwa, alijaliwa sikio. Alifundisha kwaya, na watu wakiimba kanisa zima, yeye aliweza kumnyooshea kidole aliyepotoka sauti, na mtu huyo hakuwa na pa kujificha.

Ambakisye, mdogo wake, alijaliwa mikono. Redio, pasi, simu, chochote ambacho mafundi wengine walikwisha kukizika, kwake kilikuwa kimesinzia tu.

Na Ikupa, mke wa Ambakisye, alijaliwa kinywa. Alitangaza mpira kwenye redio ya mji, akiona na kusema kwa pumzi moja, hata mama aliyekuwa jikoni akikoroga ugali alijua mpira uko kwenye mguu wa nani.

Sasa sikilizeni jambo la Ikupa na baba mkwe wake. Walikaa ua mmoja lakini hawakuwahi kusemezana. Ile mila ya Kinyakyusa ya mkamwana kumkwepa baba mkwe, ambayo wengi wameilegeza, nyumba hii iliishika kwa mikono miwili. Mzee akitoka barazani, Ikupa alizunguka nyuma ya nyumba. Hata mzee alipopofuka, Ikupa hakubadilisha njia yake. Mzee alimjua kwa redio tu. Kila mechi ilipotangazwa aliketi kusikiliza, ingawa mpira wenyewe hakuupenda hata kidogo.

Siku moja Ambakisye alimwambia, "Baba, siku hizi kuna mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta. Milima yetu yote imo. Wameichora kwa picha za setilaiti."

"Na Ndolosi imo?"

"Nimeitafuta, baba. Imo."

 Mzee akapapasa koti lake, akafungua pini, akatoa beji ya mabawa ya fedha aliyovishwa siku alipofuzu urubani.

"Atakayenirudisha hewani mpaka nikatua Ndolosi," alisema, "haya ni yake. Ni mabawa ya mtu mmoja, hayagawanywi."

Basi wanawe wakachangishana, wakaenda Mbeya, wakarudi na kompyuta mpakato ya kutisha. Ilikuwa nyembamba, inameremeta taa za rangi kila kitufe, na muuzaji alikuwa amewaapia kwamba mawingu yake mtu angetaka kuyashika. Wakachomeka usukani na mkono wa kuongezea injini moto, wakamketisha mzee. Majirani walijaa mlangoni. "Aisee, tazama ziwa! Tazama mvua kwenye kioo!" Kila mtu alitazama, akasifu, akatikisa kichwa.

Mzee akawasha injini. Ndege ikapaa, na kabla haijafika mawinguni kompyuta ilianza kuvuma. Feni zake zilipiga kelele kama mashine ya kukoboa, na kelele ile ikameza kila kitu. Mzee alikuwa ametega sikio asikie injini inavyochoka ikipanda, asikie upepo unavyobadilika juu ya bawa ndege inapopungua kasi, na hakusikia ila feni. Ndege ikaingia mlimani. Majirani wakasema pole, wakatawanyika.

"Zima," alisema mzee. "Mmeninunulia kiwanda."

Hapo Sekela alipiga moyo konde. Aliibeba kompyuta ile, akarudi nayo Mbeya, akazunguka maduka ya Mwanjelwa kutafuta ya kubadilishana.

"Dada, chukua hii," alisema muuzaji wa kwanza. "Skrini yake ni moto wa kuotea mbali."

"Skrini sina shida nayo. Washa mchezo, ndege ipae, tusubiri ishike moto."

"Tusubiri nini?"

"Ishike moto. Ikiwa baridi kila kompyuta ni mpole."

Akainama, akaweka sikio kwenye kibodi kama daktari kifuani kwa mtoto. Wauzaji walikonyezana. Duka hili alisikia feni inayopiga mluzi, duka lile feni inayokwaruza, lingine kimya kizuri ambacho baada ya muda kiligeuka mngurumo. Nyembamba zote alizikataa, kwa maana feni zao ni ndogo na lazima zikimbie mno ili zipooze mashine. Mwishowe, rafu ya chini kabisa, alikuta moja nene kama tofali, nyeusi, haina taa wala urembo. Feni zake zilikuwa pana, na zilizunguka polepole. Mashine iliposhika moto, Sekela alisikia sauti ndogo, tulivu, iliyokaa chini ya sauti ya injini bila kuigusa. Mwalimu wa kwaya alicheka peke yake katikati ya duka, mwenye duka akadhani amechanganyikiwa.

Kompyuta ilifika nyumbani, mzee akapaa, na safari hii alisikia injini. Akatabasamu. Lakini alipokaribia milima, pale ambapo mchezo huchora kila mti na kila bonde, hata tofali lile lilihemewa. Feni zikapanda, na upepo wa bawani ukapotea tena. Ndege ikaingia mlimani.

Ikawa zamu ya Ambakisye. Aliifungua mashine, akapangusa, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto, akachonga vigogo viwili vya mti akaiinua juu yake ipumue kwa chini. Bado. Alijikuna kichwa mchana kutwa huku akitazama mawingu yanavyopita kwenye skrini, meupe, yenye vivuli vyake ziwani. Ghafla mikono ikasimama.

"Dada," alimwita Sekela, "haya mawingu anayaangalia nani?"

Sekela alitazama mawingu, kisha akamtazama baba yake.

"Baba haoni," alisema Ambakisye.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa ndani ya nyumba ile. Walisema macho yanamsumbua, walisema haoni vizuri, walisema atapata nafuu. Mzee alikuwa ameketi palepale. Alilisikia likitua, na hakuumia kama alivyodhani angeumia. Aliona afadhali.

"Ni kweli, mwanangu," alisema. "Sioni. Sasa fanya kazi yako."

Ambakisye akazima mawingu. Akazima vivuli, akazima miti, mawimbi na mvua ya kiooni. Akaipunguza picha mpaka Mlima Rungwe ukawa pembetatu ya kijani na ziwa likawa shuka la bluu. Kompyuta, ambayo sasa haikuwa na cha kuchora, ikatulia tuli. Akaweka spika mbele ya mzee, moja kila upande. Injini ikanguruma, upepo ukapita juu ya bawa la kushoto, ukapita juu ya la kulia, na mzee alisisimka mwili mzima.

Lakini masikio peke yake hayasomi kimo. Lazima awepo mtu wa kiti cha pili, wa kumwambia rubani futi ngapi, kasi gani, pua inaelekea wapi. Sekela akajaribu. Kila mlima ulipojitokeza alipiga kelele, "Baba, mlima! Baba, mlima!" bila kusema uko upande gani. Ambakisye akajaribu, naye alieleza sana. Alipomaliza kueleza mshale wa kimo unavyofanya kazi, ndege ilikwisha kuanguka.

Siku hiyo Ikupa alikuwa nje, anaanika nguo karibu na dirisha. Skrini aliiona, mlima akauona, mumewe akamsikia bado yuko kwenye maelezo. Mdomo ukamtangulia.

"Kushoto! Inua pua! Inua, inua, hapo hapo, shikilia!"

Mikono ya mzee ilitii kabla ya akili. Ndege ikapita juu ya kilele. Na ndani ya nyumba wote wakageukia dirishani, kwa maana mkamwana alikuwa amemwamrisha baba mkwe wake, tena kwa sauti ya juu. Ikupa aliangusha nguo, akakimbilia nyuma ya nyumba, uso unamwaka kwa aibu.

Mzee alifika kwenye dirisha kwa kupapasa. Hakumwita kwa jina.

"Mwambieni mwenye sauti ile," alisema kwa nguvu ili ifike, "kwamba ndani ya ndege hamna baba mkwe. Mna rubani na mna msaidizi, na msaidizi akisema inua, hata mfalme anainua. Tukishuka, kila mtu atarudi kwenye heshima yake."

Ikupa alilia. Alifikiri mama yake angesema nini, na mama wa mama yake. Alimfikiria pia mzee yule anayesikiliza mpira asioupenda. Kesho yake asubuhi alijitanda khanga mpaka usoni, yakabaki macho, akaingia katika chumba ambacho hakuwahi kukanyaga mzee akiwamo, akaketi kwenye kiti cha pili.

"Rubani," alisema, "niko tayari."

"Ndaga fijo," alijibu mzee. "Asante sana. Twende."

Jamani, nani awezaye kuieleza safari ile? Wote walikuwa macho wazi, lakini aliyeona ni mzee. Injini ilipozama kidogo katika kupanda alijua wamefika juu ya Rungwe, na akawaambia watoto wake ubaridi ulivyo pale juu. Upepo ulipolegea alijua wamevuka, na ziwa liko chini. "Asubuhi kama hii," alisema, "maji yanakuwa na rangi ya bati jipya, na mitumbwi inaacha mistari." Kwenye skrini hapakuwa na mtumbwi wala mstari, lilikuwapo shuka tupu la bluu. Sekela aliapa baadaye kwamba aliiona mitumbwi.

"Futi elfu mbili," alisema Ikupa. "Kasi themanini. Kiwanja mbele, kulia kidogo."

"Kulia kidogo."

"Kaa hapo. Mlima uko kushoto, unaachana nao. Elfu moja na mia nane. Sabini."

Mzee akapunguza moto wa injini. Injini ikashuka sauti mpaka ikawa mnong'ono, na katika kimya kile, kimya ambacho kompyuta haikukivunja hata kwa pumzi, alisikia upepo ukilainika juu ya mabawa kama unavyolainika pale tu ndege inapotaka kuacha kuruka. Hakuna mshale uliomwambia. Akavuta usukani taratibu, taratibu. Magurudumu yakagusa nyasi. Yakadunda mara moja, yakashika.

Injini ikazimwa. Sekela alikuwa amejifunika mdomo kwa viganja viwili. Ambakisye alikuwa amepiga magoti bila kujua.

"Nimetua," alisema Kapteni Lwitiko, na machozi yakamtiririka kwenye yale macho yasiyofanya kazi nyingine.

Alipotulia aliyatoa mabawa ya fedha, akayaweka kiganjani. Ahadi ni ahadi, na kila mmoja aliyataka, tusidanganyane.

"Baba," alisema Sekela, "mara ya kwanza tulinunua kwa macho. Mimi ndiye niliyekitafuta kimya, duka kwa duka, nikichekwa. Bila mashine hii wangekuwa wanarekebisha nini?"

"Mashine ya dada ilikuangusha mlimani," alisema Ambakisye. "Mimi ndiye niliyesema neno lililoogopwa na wote, ndipo kimya kikapatikana. Bila neno lile ungekuwa bado unafukuzana na feni."

Ikupa alikuwa amekwisha kuinuka kwenye kiti cha pili na kurudi mlangoni, khanga usoni. Alisema akielekea ukutani, kana kwamba anauambia ukuta. "Wao walimpa rubani masikio yake. Aliyevunja mwiko wa nyumbani kwao ili ampe macho, wanamjua."

Mzee alisikiliza yote matatu, na yote matatu yalikuwa kweli. Akampa binti? Mwana atasema ukweli wake haukuthaminiwa. Akampa mwana? Binti atasema sikio lake limedharauliwa. Akampa mkamwana, lazima amsogelee na kumfunga pini kifuani, na ndege imekwisha kutua, kila mtu amerudi kwenye heshima yake. Akasimama katikati ya chumba, akaunyoosha mkono wenye mabawa. Wote watatu walikuwa wamezuia pumzi, na kompyuta haikutoa hata sauti ya sindano, hata mzee hakujua nani amesimama upande gani.

Mkono ule bado umenyooka. Haya, mliotega masikio, wakubwa kwa wadogo: ungekuwa wewe ndiye Kapteni Lwitiko, mabawa yale ungemkabidhi nani?