Barua ya Kwetu Shwari

Nisikilizeni, wenye pasi ya kusafiria na msio nayo. Chande, mjukuu wa Bi Somoe, alikimbia risasi akaomba hifadhi Ulaya, kwa wale wanaohubiri haki za binadamu. Wakataka kumrudisha. Bi Somoe akaenda ubalozini mwao, akapita mbwa wawili, walinzi wanne na gari la kuzuia risasi, akamfikia afisa.

"Bibi, nchi yenu ni shwari," akasema afisa.

"Shwari kabisa, mwanangu?"

"Hata mtoto anatembea peke yake."

"Basi niandikie hivyo, ugonge mhuri. Mama yake Chande akisomewa atapata usingizi."

Afisa akaandika, akagonga.

Baada ya wiki mbili afisa akatokea uani kwa Bi Somoe, kwa miguu, jasho linamchuruzika.

"Bibi, barua yangu uliipeleka wapi?"

"Kwa wakubwa wako. Niliwauliza, kama kwetu ni shwari, gari lako la kuzuia risasi la nini?"

"Wamelichukua, na walinzi pia. Nitauawa."

"Na nani, mwanangu? Si hata mtoto anatembea peke yake?"

Afisa akatazama njia aliyojia. "Nifanyeje?"

"Andika nyingine, useme kwetu hakukaliki. Gari litarudi, na Chande atabaki."

Akaandika palepale. Safari hii mhuri aligonga mara mbili.