Saruji ya Mulongwe

Kuna watu ambao wakikabidhiwa kalamu hudhani wamekabidhiwa watu pia. Methali ilikwisha kuwaonya: wengi wape, usipowapa watajitwalia. Maana yake, walichokata shauri wengi hakizuiliki na mmoja, na anayekizuia hujiwekea akiba ya aibu. Donatien wa Uvira aliijua methali hiyo tangu shuleni, ila hakudhani inamhusu.

Baada ya uhuru alichaguliwa kuwa Prezida wa baraza la mitaa ya kando ya mto. Mwaka 1962 wajumbe waliamua kwamba mifuko mia mbili ya saruji iliyokuwa katika depo, ghala la baraza kando ya ofisi, ijenge ukuta wa kuuzuia mto Mulongwe. Donatien alitaka ijenge jukwaa la sherehe, ili wakubwa wa mkoa kutoka Bukavu wakija wamwone ameketi juu. Kura ilipopigwa, mkono ulioinuka upande wake ulikuwa mmoja tu, wa kwake mwenyewe. Alitabasamu, kumbe kinyongo kimemkaa rohoni. Saruji haikuweza kutoka depo bila sahihi ya Prezida. Basi hakukataa, wala hakutia sahihi. Kila alipoulizwa alijibu, "Karatasi iko mezani, naiangalia."

Aliyemuuliza kuliko wote alikuwa Agathe, mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza mawese. Nyumba yake ilikuwa hatua ishirini kutoka mtoni. Kila Jumatatu aliketi kwenye benchi nje ya ofisi, akingoja zamu kama mgeni.

"Donatien mwanangu, mvua iko karibu," alimwambia siku moja. "Minye sitaki kitu yako. Tia tu sahihi."

"Mama mdogo, mambo ya serikali hayaendi mbio," alijibu bila kuinua macho.

"Mto nao haujui serikali." Akakaza kitenge chake, akaenda zake.

Mvua za Aprili hazikungoja karatasi. Mto ulifurika ukazoa nyumba tisa, ya Agathe ikiwemo. Hakufa mtu, lakini mama yule alihamia mtaa wa Nyamianda, akawa analala jikoni kwa watu. Donatien alimpelekea mchele, naye akaurudisha vile vile ulivyofungwa. Hata hapo Donatien hakutia sahihi, kwa kuwa sasa kutia kungekuwa kukiri kosa. Kwanza kiburi ndicho kilichomfunga mkono, na sasa ilikuwa aibu.

Mwaka 1964 waasi walipoingia mjini, wakubwa walivuka ziwa kwenda Bujumbura, yeye akachelewa. Asubuhi moja watu wa Mulongwe walijaa uani kwake, Agathe akiwa mbele. Alidhani wamekuja kumtoa roho. Walitaka ufunguo tu.

Depo ilipofunguliwa, Agathe aligonga mfuko wa kwanza kwa vidole. Ulikuwa jiwe. Unyevu wa ziwa ulikuwa umeigandisha mifuko yote kwa miaka miwili. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyezomea. Donatien alitamani wangemtukana.

"Tubebe hivi hivi," Agathe alisema. "Kama haijengi, itazuia."

Wakaanza kubeba, wawili wawili kwa miti begani, wakishuka mtoni kuyapanga mawe yale ukingoni. Donatien alivua koti lake, akakunja mikono ya shati, akainama kushika mfuko. Machozi yalikuwa yakimlenga.

"Weye acha," Agathe alimwambia taratibu. "Karatasi yako haijatoka. Ngoja pale kwenye benchi."

Akaenda kuketi. Watu walipita mbele yake mchana kutwa, wakimwona naye akiwaona, na hakuwa na pa kuyapeleka macho. Mfuko wa mwisho ulipopita jua likizama, bado hakuna aliyemwita. Hapo ndipo alipoielewa methali aliyoikariri utotoni: wengi wape, usipowapa watajitwalia.