Chanikiwiti Chini ya Karai

Puu! Kishindo hicho kilisikika usiku wa manane, nyuma ya jiko.

"Paukwa, wanangu!"

"Pakawa, mama!"

Hapo kale upepo uliangusha karai bovu, likaufunika mche wa kunde. Ndani ya jani la mche huo aliishi Chanikiwiti, chembe ya kijani, mama wa umbo dogo, mwoga kweli kweli. Kazi yake kunasa mwanga na kuupika uwe sukari. Mwanawe, Chipukizi, alikaa kwenye ncha ya shina akingoja kula.

Kulipokucha, giza! Ila karai lilikuwa na tundu moja, na mwali mwembamba wa jua ukapenya humo. Chanikiwiti na dada zake wa jani lile wakajibanza kwenye ukuta wa chumba chao, mmoja nyuma ya mwingine, maana ndivyo walivyozoea jua likiwa kali. Mwali ukapita katikati, huyoo, ukapotelea udongoni.

"Mama, njaa!" akalia Chipukizi.

"Wakauacha upite, mama?"

"Wakauacha, wanangu!"

Chanikiwiti akasema, "Dada zangu, tubanduke!"

"Wewe! Unataka tuungue?"

"Jua gani la kuunguza humu? Mtoto ananifia!"

Akabanduka peke yake, akajilaza katikati, akafunua visahani vyake vya kunasia mwanga, vilivyopangana kama chapati. Akanasa mwanga kidogo, akapika tone moja tu. Chipukizi akalamba, akalia tena, na sasa sauti imefifia.

"Chanikiwiti, hujaungua?"

"Nimeungua wapi? Njooni basi, njooni, mwali unahama!"

Wakabanduka wote! Wakajilaza bega kwa bega, wakapokezana mwanga.

"Shika!"

"Nimeshika!"

"Mpe mwenzio!"

Mpaka mekoni. Maji yaliyopanda kutoka mizizini yakapasuliwa kwa nguvu ya mwanga huo, hewa safi ikatoka fuu, sukari ikaiva.

"Akala, mama?"

"Akala! Akajinyoosha, akajinyoosha, akachomoza tunduni, juani!"

Basi wanangu, jua likichoma, jibanzeni. Mwanga ukiwa haba, tokeni mkaupokee, hata kama mnaogopa.

Hadithi yangu naitua hapo, tunduni. Ila jioni Chipukizi aliinama akanong'ona, "Mama, uliogopa?"

"Niliogopa, mwanangu, nusura kijani kinitoke. Usimwambie mtu."

"Simwambii mtu mwingine."

"Na nyinyi je, wanangu?"

"Hatumwambii mtu, mama!"