Jina la Baba Yake Kanuti

Mungu anisamehe, mimi katekista ndiye niliyevujisha majibu. Masista waliahidi kumsomesha sekondari mtoto mmoja tu, mshindi wa chemsha bongo ya parokia. Mzee Ngonyani, mwenye mashine ya kusaga, akaniambia, "Kanuti wangu ashinde, la sivyo nyumbani kwako mtatwanga kwa kinu." Nikamwandikia mtoto majibu yote kwa mpangilio. Maswali sikumpa, nikidhani hapo nimepunguza dhambi.

Siku ilipofika, Skolastika, binti wa mfua nguo wa misheni, alimkuta Kanuti mlangoni pa ukumbi akinong'ona peke yake. Akamsikiliza kidogo, kisha akamwendea baba mtu.

"Shikamoo, Mzee. Kanuti anatetemeka. Si aanze na swali jepesi? Aulizwe jina la baba yake."

"Mbele ya Paroko?"

"Na masista wote, Mzee. Walisikie vizuri."

Mzee akaweka koti sawa. "Katekista! Anza na hilo."

"Halimo kwenye karatasi, Mzee."

"Nimesema anza nalo!"

Nikauliza, "Kanuti, baba yako anaitwa nani?"

"Twiga."

Nikarudia polepole, "Baba yako, mwanangu."

"Miguu minane."

Sista Mkuu akaninyang'anya karatasi, akauliza maswali yake mwenyewe. Skolastika akashinda, akaenda sekondari.

Nawe ukipeleka mahindi yako kusaga kwetu, nakuomba sana, usimwite yule mzee Twiga. Bado inamuuma.