Ng'ombe Aliyeliwa na Viza ya Mchumba

Nyumbani ni mume, dirishani ni mchumba.

Jana mlimsikia mlezi wa bweni, Mwalimu Kweka, akimwambia maneno hayo huyu Elipokea wa kidato cha kwanza, baada ya Elipokea kuingia ofisini, kusimama wima na kusema, "Shikamoo, Mwalimu Jongoo." Nani alimwambia kwamba hilo ndilo jina halisi la Mwalimu Kweka si sehemu ya hadithi hii. Mmekuja kuniuliza methali hiyo imetoka wapi, na mmefanya vyema kuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mzee wa bweni hili: nina miaka kumi na minane na kitanda cha pembeni. Zaidi ya hayo, methali yenyewe ilizaliwa katika ukoo wetu. Kaeni. Mwenye karanga azitafune sasa azimalize.

Ilizaliwa hivi.

Kule Usangi, katika milima ya Upare, anatoka shangazi yangu Nakundwa, kitinda mimba wa bibi yangu. Alikuwa muuguzi, na Jumapili alipiga tarumbeta katika bendi ya usharika. Vyombo vya bendi ile vilikuwa vimezeeka kuliko waumini. Kile kikubwa kuliko vyote kilitoa sauti ya fahali aliyekwama kwenye tope, na watoto walikuwa wakilia kabla hata ya mahubiri. Usharika ukawaandikia marafiki wa ng'ambo, nao wakamtuma fundi wa vyombo vya kupuliza, kijana aliyeitwa Rasmus. Nchi yake sitaitaja, maana huenda siku moja nami nikaomba viza yao.

Rasmus alikuja kwa wiki chache akakaa miaka miwili. Vyombo vilishapona zamani. Yeye ndiye aliyekuwa hajapona, na ugonjwa wake ulikaa mstari wa mbele wa bendi, kushoto. Hatimaye wazee wa usharika walisimama mahali pa wazazi wake, wakampeleka kwa bibi na maneno ya posa na ng'ombe. Maneno yakapokewa, ng'ombe akaliwa.

Hapo sikilizeni vizuri. Katika ukoo wetu, ng'ombe wa posa akishaliwa, kijana haitwi tena mchumba. Anaitwa mume, hata kama kanisa halijasikia lolote na binti bado analala kwa mama yake. Anayemwita mchumba baada ya hapo anatangaza kwamba familia imebadili nia na inamrudisha ng'ombe, jambo ambalo ni tusi, na tena ni gumu kulitekeleza.

Likabaki swali la ndoa yenyewe: ifungwe wapi? Rasmus alikuwa mtoto pekee. Mama yake huko kwao, Bi Solveig, aliugua mapafu, na madaktari walikuwa wamempiga marufuku kupanda ndege. Alisema kwamba anachosubiri ni kumwona mwanawe akioa, na hakusema angeweza kusubiri mpaka lini. Kwa hiyo familia ikakaa sebuleni kwa bibi, na baba yangu mdogo Mbonea, ambaye hukata shauri kabla ya kusikia shauri lenyewe, akaanza.

"Ndoa ifungwe hapa. Kanisa lipo, bendi ipo."

"Tukifunga hapa, kaka, itabidi niombe viza ya mke," Nakundwa alisema. "Cheti kitafsiriwe, kigongwe mihuri, kiende kwao, kisubiri foleni. Watu wanakaa mwaka na zaidi. Mama yake hana mwaka."

"Basi omba viza ya matembezi. Mkifika huko mnaoana kimya kimya."

"Wakiniuliza naenda kufanya nini, niseme naenda kutazama theluji?"

"Kwani theluji haitakuwapo?"

"Siwezi kuingia nyumba ya watu kwa uongo halafu niishi humo maisha yangu yote."

Ilibaki njia ya tatu, nayo ni viza ya mchumba. Hiyo hupewa mtu ambaye hajaolewa. Anaingia, anafunga ndoa huko katika muda aliopangiwa, na muda ukipita bila ndoa anarudi alikotoka. Njia hiyo ilikuwa ya haraka kuliko zote. Ubaya wake ulikuwa mmoja: bibi asingeiona harusi ya kitinda mimba wake. Watu wote wakamgeukia.

Bibi alikuwa akichambua mahindi ya makande. Hakuinua macho.

"Yule ana mmoja," alisema. "Mimi ninao saba, na sita nimewaona wakioa na kuolewa mpaka nimechoka. Aone yeye."

Kikao kikaisha hapo. Rasmus akatangulia kwenda kumwangalia mama yake, na Nakundwa akashuka Dar es Salaam kupeleka maombi yake ubalozini. Alipoulizwa namba ya mtu wa nyumbani anayeweza kuthibitisha habari zake, akaandika ya mama yake. Ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye mama angelifanya.

Simu iliita bibi akiwa bustanini. Sauti ilikuwa ya Mtanzania mwenye adabu, jina lake Ishengoma.

"Shikamoo, bibi. Unamfahamu Rasmus?"

"Marahaba. Namfahamu sana. Ni mume wetu."

"Mume wa nani, bibi?"

"Wa Nakundwa. Lakini kwetu mume ni wa ukoo mzima. Hata bati la kanisa lilipovuja, alipanda yeye kuliziba."

Ishengoma akashukuru na kukata simu. Bibi akarudi kwenye mboga zake akiwa na furaha, kwa kuwa alikuwa amemsifu mkwe mbele ya serikali.

Siku ya mahojiano Nakundwa aliitwa kwenye dirisha. Nyuma ya kioo alikaa mama wa Kizungu mwenye miwani, na pembeni yake Ishengoma, wa kutafsiri palipohitajika.

"Umeomba viza ya mchumba," Ishengoma alisema, "lakini nyumbani kwenu wanasema una mume."

"Mume ndiye huyo huyo mchumba."

"Huwezi kwenda kuolewa na mtu ambaye tayari ni mumeo, dada. Huyo unamfuata kama mke."

"Basi nipeni viza ya mke."

"Lete cheti cha ndoa."

"Sina. Sijaolewa."

"Sasa mume umempata wapi?"

Nakundwa alikuwa na karatasi ya mchungaji na ya msajili, zote zikisema hazijui ndoa yoyote. Mama mwenye miwani akazisoma, kisha akasema kwamba anajua nchi hii ina ndoa za kimila ambazo haziandikwi popote, na huenda hii ni mojawapo. Kama familia ina maelezo, mwenye kauli aje mwenyewe aseme. Asipokuja, ombi litafungwa na kila kitu kianze upya.

Tazameni basi hali ya shangazi yangu. Kwa mama yake alikuwa mke, kwa msajili alikuwa binti, na pale dirishani hakuwa lolote. Jioni ile Rasmus alimwambia kwa simu kwamba mama yake sasa anakula akiwa kitandani.

Akapanda basi kurudi Usangi. Familia ikakaa tena sebuleni.

"Mama, ni neno moja tu," Nakundwa alisema. "Useme ni mchumba."

"Siwezi. Ng'ombe yule nilimla kwa meno yangu mwenyewe."

"Huna meno, mama."

"Kwa fizi basi. Aliyeliwa ameliwa. Nikisema mchumba mbele ya watu, nimemtapika, na kijana hana kosa. Atanitazama vipi?"

"Tuseme mama hakusikia swali," Mbonea alidokeza. "Masikio ni ya kizee."

Bibi akamgeukia taratibu. "Masikio haya yakiwa hapa yanajua ni nani amekosea noti kanisani, na mara nyingi ni wewe. Tena unaniambia nikamdanganye mtu aliyeniamkia vizuri."

Nakundwa akaanza kulia, bila sauti, kama wauguzi wanavyolia. Bibi akamtazama, kisha akauliza kama nguo yake ya kanisani imepigwa pasi.

Walisafiri pamoja, na njia nzima bibi hakusema angejibu nini. Nakundwa alimuuliza pale Korogwe, akaambiwa achungulie machungwa dirishani. Alimuuliza tena Chalinze, akaambiwa ale hayo machungwa. Walipoitwa, bibi alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Shikamoo, bibi," Ishengoma alisema. "Unakumbuka nilikupigia simu?"

"Marahaba, baba. Nimeikumbuka sauti. Nilidhani u mnene."

"Tunauliza tena. Rasmus ni nani kwa mwanao?"

"Wapi?"

"Wapi nini, bibi?"

"Nikujibu wapi? Nyumbani ni mume. Hapa dirishani ni mchumba."

Ishengoma akatafsiri. Mama mwenye miwani akauliza lipi kati ya hayo mawili ndilo la kweli.

"Yote," bibi alisema. "Ng'ombe ameliwa, kwa hiyo kwangu ni mume, na sitamwita vinginevyo. Lakini binti hajatolewa nyumbani kwangu, na mchungaji hajasema neno. Kwa hiyo ndoa bado, hata ile ya kwetu. Wewe, mwanangu, bibi yako alikuitaje ulipokuwa mdogo?"

Ishengoma akakohoa. "Bibi, hapa tunauliza sisi."

"Alikuitaje?"

"Aliniita mume wangu."

"Ulimwoa?"

"Hapana, bibi."

"Na mimi ninaye mjukuu namwita mume wangu, ana miaka sita na bado anakojoa kitandani. Mbona hamkunidai cheti chake? Mweleze huyo mama."

Mjukuu aliyetajwa hapo hadithi hii haimtambui, na anayecheka atafua soksi zangu.

Tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yenyewe. Katikati yake mama mwenye miwani alimgeukia Ishengoma na kumtazama upya, kama mtu aliyeambiwa kwamba kabati la ofisini lina mlango wa nyuma. Kisha akamuuliza bibi swali la mwisho: huyo kijana atakuwa mume hata hapa dirishani lini?

"Mchungaji wa kwenu atakapomaliza kusema, na mama yake akiwa amekaa anaona," bibi alijibu. "Ndiyo maana namleta binti yangu kwenu. Kwetu tungekula vizuri zaidi, na mimi ningekuwepo."

Hayo ya mwisho aliyasema polepole. Nakundwa anasema ndipo mama yule alipovua miwani.

Viza ilitoka. Ndoa ilifungwa katika kanisa dogo, Bi Solveig akiwa mbele kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Alikataa kurudishwa nyumbani mpaka umalizike wimbo wa mwisho. Alifariki kabla theluji haijayeyuka, na picha ya siku ile ilikuwa chini ya mto wake wa kulalia.

Mwaka uliofuata Rasmus na Nakundwa walipanda Usangi. Bendi ilijipanga nje ya nyumba, na Mbonea akakosea noti. Rasmus alimwamkia bibi, kisha, kwa kuwa yaliyotokea ubalozini alikuwa ameyasikia yote, akafungua mkoba kwa heshima kubwa, akatoa cheti cha ndoa kilichotafsiriwa na kugongwa mihuri yote, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Bibi hakukipokea.

"Rudisha mkobani, mume wetu," alisema. "Hapa si dirishani. Ingia, makande yanapoa."

Basi, Elipokea, hakuna aliyekukataza lile jina. Bwenini litamke, hata kwa mbwembwe. Ila ukivuka kizingiti cha ofisi, yule ni Mwalimu Kweka, na jina hilo nalo ni la kweli. Nyumbani ni mume, dirishani ni mchumba.