Kichwa Kilichonenepeshwa

"Kunenepa si kuwa kichwa." Mmelisikia neno hilo sokoni leo, mkadhani mtu mnene anatukanwa. Sivyo, wajukuu zangu. Nitawaeleza lilikotoka, na mnivumilie nikipandisha sauti, maana hasira yangu haijapoa.

Jirani yangu Bi Semeni alifuga mbuzi. Maziwa yao ndiyo yaliyomlea mjukuu wake, kichanga aliyefiwa na mama. Minyoo ilipoingia zizini, Semeni alifungua simu akasoma tovuti ya kituo cha mifugo. Ukurasa uliandikwa MBUZI, na chini yake yalikuwapo majedwali mawili ya dawa: la juu lina vipimo vidogo, la chini vikubwa. Akajua la juu ni la vitoto, la chini ni la mbuzi wazima. Nani angefikiri vingine? Akawanywesha. Kufika jioni, majike wote walikuwa wamekufa.

Nikamsindikiza kituoni. Mkuu wa kituo, Bwana Sekiteke, hata kutukaribisha kiti hakutukaribisha.

"Mama, hujui kusoma? Jedwali la chini ni la ng'ombe!"

"Wapi pameandikwa ng'ombe?" Semeni akamsogezea simu.

Mkuu akatugeuzia kompyuta yake. Kweli, kwenye waraka alioandika, neno NG'OMBE lilikuwapo, jekundu, kwa herufi nene. Kwenye simu halikuwapo.

Mwajabu, binti anayeshughulikia tovuti, akashindwa kunyamaza. "Mkuu, nilikuambia. Waraka hauendi kwenye tovuti hivi hivi. Unapitishwa kwenye kanuni za kompyuta za kuugeuza uwe ukurasa, na kanuni hazitazami unene wala rangi. Zinatafuta alama ya mtindo: hiki ni kichwa, hii ni aya, hili ni jedwali. Mstari usio na alama unaachwa nje. MBUZI nililiwekea alama mimi. NG'OMBE uliliongeza mwenyewe, ukanenepesha herufi basi. Nikakuomba uweke alama, ukasema niupandishe mtandaoni vilevile."

"Kichwa nakiona kwa macho yangu!" Sekiteke akapiga meza. "Mimi ndiye mkuu hapa!"

Semeni alimtazama, kuanzia shingo hadi tumbo lililobanwa na meza.

"Kumbe kunenepa si kuwa kichwa," akasema.

"Toka nje!"

"Sitoki mpaka irekebishwe nikiona."

Mwajabu akauchagua ule mstari, akauwekea alama, akaupitisha waraka upya. NG'OMBE likatokea kwenye simu, juu ya jedwali lake. Semeni alipoona kazi yenyewe ilivyo ndogo, ndipo alipolia. Mimi nilitamani kuipindua ile meza. Kubofya tu! Mtu mwenye cheo aliombwa kubofya, akaona atapungukiwa na heshima.

Mtoto alilia njaa siku zile, nasi majirani tukawa tunapokezana kumpelekea maziwa. Sekiteke hakuleta hata kikombe, wala pole hakutoa. Lile neno la Semeni ndilo lililomfuata kila alikopita, na hata alipohamishwa lilikuwa limeshamtangulia.

Basi mkimwona mtu ametuna kwenye kiti cha ukubwa, na kazi ya kiti haifanyi, na anayemwonya anamfokea, msipoteze mate kubishana naye. Mwambieni usoni: kunenepa si kuwa kichwa.