Bi Kima Aliyeacha Kichwa Nusu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mmeitika kama mmefunga? Nawaita tena, na wewe baba uliye nyuma, fungua kinywa. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaona haya kutoka na nywele timtim, palikuwa na saluni kando ya mto. Mwenye saluni ni Mama Kiboko. Mwenyewe kichwani hana hata unywele mmoja, lakini kwa kusimamia wenzake, we! Msusi wake alikuwa Bi Kima. Vidole chapu chapu chapu, mstari umenyooka. Kwa mwezi analipwa mikungu mitatu ya ndizi.

Na kazi ile ilikuwa na mwiko wake. Kichwa alichokianza msusi mmoja, mwingine hakigusi. Ng'o!

Jumatano asubuhi akaja Bwana Simba. Ijumaa anaoa.

"Bi Kima, nipige mistari. Usinisuke twende kilioni, mie naenda arusini!"

"Tulia baba, usitikise kichwa."

Chapu chapu chapu. Upande wa kulia ukaisha. Mara dirishani, psst! Bi Nyumbu huyo, mwenye saluni mpya ng'ambo.

"Shoga, kwangu mikungu mitano. Na kiti cha kukalia unacho. Ila uanze leo."

Kiti! Mgongo wa Bi Kima ulikuwa unamuuma tangu mwaka jana. Akawaza, nikimuaga Mama Kiboko atanishikilia mwezi mzima, na kiti kitapata mwenyewe.

"Bwana Simba, nakwenda haja ndogo mara moja."

Akaweka chanuo. Akaruka dirishani. Ruka, ning'inia, ruka, ning'inia, huyoooo, ng'ambo!

Simba akangoja. Akangoja. Akajitazama kwenye maji. Kulia mistari, kushoto timtim! Nguruuuum! Mama Kiboko akamwita Bi Nungunungu aje amalizie.

"Mie? Kichwa cha Kima? Sikigusi."

Basi Mama Kiboko, mbio mbio, mafuta yakimtikisika, akaenda kushtaki kwa Hakimu Kobe.

Alhamisi Korongo, tarishi wa mahakama, akavuka mto na samansi mdomoni. Akamkuta Bi Kima kakaa kitini, raha mstarehe, anamsuka Bi Nyumbu mwenyewe. Kafika nusu.

"Mahakamani, sasa hivi!"

Wakaenda. Huku Simba kichwa nusu, huku Nyumbu kichwa nusu. Fisi alicheka mpaka akatolewa nje.

"Bi Kima," akasema Kobe, pole pole, "ulitoa notisi?"

"Nilisema naenda haja ndogo."

"Hiyo si notisi."

"Lakini Hakimu, mkataba hatukuandikiana! Na kusoma kwenyewe sijui."

"Umefanya kazi pale muda gani?"

"Masika manne."

"Ndizi za Mama Kiboko ulikuwa unakula?"

"Nilikuwa nakula."

"Basi mkataba umo tumboni mwako."

Kobe akaeleza sheria. Anayelipwa kwa mwezi, akitaka kuacha kazi, anatoa notisi ya mwezi. Asipotoa, anamlipa mwajiri mshahara wa mwezi. "Toa mikungu mitatu."

Bi Kima akajipapasa. Hana hata ganda.

"Na siku kumi nilizofanya mwezi huu? Jasho langu lile, Hakimu!"

"Hilo ni lako, mkungu mmoja, na Mama Kiboko asikunyime. Imebaki miwili."

Mama Kiboko akanuna, pua zikatoa povu.

"Au rudi utumikie mwezi wako wa notisi," akasema Kobe, "mwachane kwa salama. Chagua."

Bi Kima akaangua kilio. "Kiti changu jamani! Nikirudi, Bi Nyumbu ataajiri mwingine!"

"Mwingine nani?" Bi Nyumbu akafoka. "Nani atakigusa kichwa hiki? Nakungoja, mwanaharamu wee!"

Bi Kima akarudi. Akammaliza Simba jioni ile ile, Simba akaoa. Mwezi mzima Bi Nyumbu alitembea kajifunga kitambaa kichwani. Akiulizwa, anasema ana mafua.

Siku ya thelathini Bi Kima akaaga. Mama Kiboko akampa mkono, akalia kidogo. Bi Kima akavuka mto, moja kwa moja kwenye kiti. Bi Nyumbu akakishika.

"Ngoja. Tukubaliane kwanza, mbele ya Korongo huyu niliyemwita. Ukitaka kuniacha, utaniambia siku ngapi kabla?"

"Thelathini."

"Sema sitini."

"Arobaini, na kiti kiwekwe mto."

"Haya, kaa."

Akakaa.

Wanangu, na nyie wazazi mnaojifanya mmelala, shikeni hili: ukitaka kuacha kazi, toa notisi, hata kama hamkuandikiana. Ukitoroka, sheria itakufuata huko huko kwenye kazi mpya.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nimewaaga, msije mkasema niliwakimbia.